Wiki ya tamaduni shuleni: mtoto apeleke nini kutoka Lindi?

Mama wa darasa la nne, Berlin:
Wana Kusini, habari zenu. Shule ya mwanangu ina wiki ya tamaduni mwezi ujao na kila mzazi kaombwa chakula na vazi la kwao. Kitenge ninacho, maandazi nitapika. Lakini mwaka jana maandazi yaliliwa yakaisha, watu wakashukuru, na hakuna mtoto aliyejua Lindi iko upande gani wa ramani. Safari hii nataka wajifunze kitu. Nifanyeje?

Mwalimu, Lindi mjini:
Dada, salaam kutoka nyumbani. Nafundisha shule ya msingi huku, na hilo ndilo tunalolipigania hata sisi: mambo ya kwao mtoto yaingie kwenye somo lenyewe, yasiishie kuwa burudani ya Ijumaa mchana.

Na wewe umekaa pazuri kuliko sisi sote. Hapo Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, amesimama yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huku Lindi, kimo chake zaidi ya mita 13. Bila shaka darasa la mwanao limeshapelekwa kumwona. Je, waliambiwa alifikaje huko?

Mwombe mwalimu mfanye somo hilo. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, Majimaji ikiwa imeisha juzi tu. Walioshika majembe ni watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa mizigo, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ndipo ikapakiwa melini. Wapeni watoto ramani. Tendaguru ni kama kilomita 60 kutoka mjini. Mwenye mzigo kichwani, njia ya porini, anakwenda kilomita ngapi kwa siku? Mfupa wa paja ulihitaji watu wangapi? Hesabu, jiografia na historia zote zimo humo. Mwisho kila mtoto aandike swali moja ambalo angemuuliza Boheti. Wanafunzi wangu hawakawii: "Ulilipwa rupia ngapi?"

Kama mjusi arudi au abaki, waacheni wabishane. Wakubwa wenyewe wamelifikisha hadi bungeni.

Ila muulize mwanao kwanza kama anataka kusimama mbele. Mtoto akifanywa msemaji wa nchi nzima bila ridhaa yake anaona haya, na somo linamchukiza. Akikataa, simama wewe.

Kaka wa Newala, Uingereza:
Naunga mkono Mwalimu. La kuongeza: dada, usipeleke korosho bila kuuliza. Shule nyingi huku zinakataza kwa sababu ya watoto wenye aleji. Mbichi yenye ganda ndiyo usithubutu kabisa, mafuta yake yanaunguza ngozi. Peleka picha ya bibo, tunda la mkorosho. Mbegu kuning'inia nje ya tunda, hilo peke yake ni kipindi kizima cha sayansi.

Mama, Berlin:
Shikamoo Mwalimu. Kaka, ahsante sana. Nimeshamwandikia mwalimu wake, tunakutana Jumatano. Mwalimu, naomba maswali ya wanafunzi wako kwa Boheti, niyaweke kwa Kijerumani yasomwe pamoja na ya watoto wa huku.

Mwalimu, Lindi mjini:
Marahaba, dada. Kesho kipindi cha pili nitawaandikisha, jioni nakutumia.