Utando wa perovskaiti umegeuka njano: nimekosea wapi?

Swali: Ndugu wataalamu, utando wangu wa perovskaiti ya methilamoni (fuwele yenye metali ya risasi na iodini, inayonyonya mwanga katika seli ya jua), uliokuwa mweusi na kung'aa kama kioo, umegeuka njano baada ya siku chache mezani. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu, hiyo njano ni iodaidi ya risasi, inayobaki pale unyevu na joto vinapoing'oa methilamoni kwenye fuwele. Mimi ningeiacha kabisa, nitumie formamidini (ioni nyingine ya kikaboni inayokaa mahali pa methilamoni) iliyochanganywa na metali ya sesiamu kidogo, kwa kuwa formamidini peke yake nayo hubadili umbo la fuwele na kuwa ya njano katika joto la kawaida la chumba.

Jibu: Naunga mkono, ila chunguza pia tabaka la kupitishia chaji, yaani linalotoa umeme kwenye utando: ukitia humo chumvi ya lithiamu, huvuta maji kutoka hewani. Funika seli kwa kioo na uzibe kingo kwa mpira wa butili.

Muuliza: Ahsanteni sana. Lithiamu nimeitumia kweli. Je, nikibadili mchanganyiko, ufanisi wa seli kugeuza mwanga kuwa umeme hautashuka?

Jibu: Hasha. Mtafiti Miyasaka na wenzake nchini Japani walianza na asilimia 3.8 mwaka 2009; seli zinazopita asilimia 25 leo hutegemea zaidi formamidini.