Ishara ya 69 katika hewa ya Tanga

Mwanafunzi, Tanga: Ndugu wataalamu, spektrometa yetu ya masi (chombo kitambuacho gesi za hewani kwa masi ya ioni zake), itumiayo ioni za hidronio, yaani molekuli za maji zenye protoni ya ziada, kuzipa gesi hizo protoni, huonyesha ishara ya masi 69 ikipanda mchana wa jua kali, na tena jioni moshi wa kuni unapotanda. Je, yote ni isoprini, gesi itolewayo na miti?

Jibu: La, nashuku ile ya jioni. Isoprini iliyopokea protoni ina masi 69.07, na furani, gesi iliyomo katika moshi wa kuni, 69.03; chombo cha kwadrupoli, kichujacho ioni kwa fito nne za umeme, huziona kitu kimoja, ilhali kile kinachopima muda wa ioni kusafiri huzitenganisha.

Jibu: Naongeza jambo linalosahaulika sana huku pwani: unyevu huzidisha ioni za hidronio zilizoshikamana na maji, ambazo haziipi benzini (gesi nyingine ya moshi) protoni, na ishara yake hupungua; hivyo gesi ya kulinganishia, ile yenye kiasi kinachojulikana, nayo itiwe unyevu uleule wa hewa inayopimwa.

Mwanafunzi: Ahsanteni. Chombo chetu ni cha kwadrupoli.