Mjadala: Cherero wafugwe majumbani Dodoma, au waachwe mibuyuni?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna hoja inayozunguka kati yetu wafugaji wa ndege: serikali ilegeze masharti ya vibali ili kila mwenye banda la waya nyuma ya nyumba azalishe cherero, wale kasuku wadogo waitwao lovebird kwa Kiingereza, na kuwauza. Mimi ni mfugaji, banda langu liko hapa mjini, na hoja hiyo naipinga. Nafuga kasuku wadogo wa Australia, wale waitwao budgerigar kwa Kiingereza. Cherero sifugi, na nawaomba wenzangu wasifuge.

Nazungumzia yule mwenye kichwa cheusi, shingo ya manjano na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwao ni hapa hapa katikati ya nchi, na hutaga kwenye matundu ya miti, ikiwemo mibuyu. Ndugu yake, cherero wa Fischer mwenye uso wa rangi ya chungwa, kwao ni Serengeti, Shinyanga hadi Nzega. Mwaka 1987 huyo wa Fischer ndiye aliyekuwa ndege wa porini anayeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, na wengi walitoka kwetu. Walivunwa sana, na leo hii wataalamu wanamweka kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Dodoma. Hawa wawili wakikutana huzaana. Kule Naivasha, Kenya, si kwao kwa asili hata mmoja, lakini waliotoroka na kuachiwa wamejaza eneo machotara ambao huwezi kusema ni yupi kati ya hao wawili. Mtu akileta jozi ya Fischer hapa Dodoma, panya wakatoboa wavu usiku mmoja, jozi hiyo haitakwenda Shinyanga. Itaingia kwenye makundi ya hawa wetu. Ndiyo maana hata banda lenye nia njema naliogopa.

Mchangiaji kutoka mtaa wa Kisasa

Mkuu, unatisha watu bure. Dunia nzima wafugaji wanatumia pete iliyofungwa, yaani pete ya mguuni isiyo na mwanya wa kuifungulia. Kinda anavishwa akiwa na umri wa siku 10 hivi, mguu ukishakua pete haitoki wala haiingii nyingine. Ndege mzima aliyenaswa porini huwezi kumvisha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza ndege wa porini mwaka 2007, na cherero hawajaisha kwenye mabanda yao, kwa sababu wanazalisha wenyewe. Sisi wenye ndege wetu mwaka 2016 tulizuiwa hata kusafirisha mnyamapori hai nje, na vijana wa hapa hawana kazi. Kwa nini mzungu afaidi cherero wa Dodoma, mgogo asifaidi?

Mleta mada

Swali lako la mwisho ni la haki na linaniuma kama linavyokuuma wewe. Lakini angalia hiyo pete inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba ndege alikuwa kinda mikononi mwa mtu. Haisemi kiota kilikuwa cha nani. Ulaya hakuna mbuyu wenye kiota cha cherero, kwa hiyo kule kinda mwenye pete lazima ametoka bandani. Hapa kwetu kijana anapanda mbuyu Chamwino asubuhi, anashuka na makinda manne, jioni yana pete na stakabadhi. Kipimo cha vinasaba cha kinda na wanaodaiwa kuwa wazazi wake kingeweza kubaini udanganyifu huo, ila nani atalipia kipimo kwa ndege wa bei hiyo? Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 itamkamata vipi mtu ambaye karatasi zake zimekamilika?

Mkulima, Kongwa

Nyie wa mjini mnawaonea huruma. Uwele ukianza kukomaa wanashuka na sisi tunashinda shambani tunaamia ndege, watoto hawaendi shule. Waje wawachukue wote.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Hasara yako naijua na siidharau. Lakini adui mkubwa wa uwele ni kwelea kwelea, na mnunuzi wa ndege wa kupendeza hatamgusa huyo. Atachukua cherero wachache, wewe utabaki unaamia vile vile.

Mama wa Nzuguni

Sasa kaka, sisi tunaopenda ndege tufuge nini? Wanangu wamenisumbua.

Mleta mada

Dada, fuga hawa wa Australia. Nchi yao ilifunga biashara ya kuuza nje ndege wake wa asili tangu 1960, na bado wamejaa duniani, wote vizazi vya bandani. Hata CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, haumuwekei ndege huyu masharti. Hapa hana jamaa porini, kwa hiyo hakuna kiota cha kuibia wala wa kuchanganya naye damu. Hata hivyo waulize TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla ya kununua.

Kwao ni nyika kavu, joto letu halimsumbui, ila upepo wa Juni na Julai mkingie upande mmoja wa banda. Hutaga mayai 4 hadi 6, huatamia siku 18 hivi, makinda hutoka kwenye sanduku baada ya wiki kama tano. Mpe uwele, mtama na mchicha. Alizeti iwe kidogo sana, ina mafuta mengi. Parachichi usimpe kabisa, linamuua. Kinyesi kilowanishe kabla ya kufagia, kwa sababu vumbi lake laweza kubeba homa ya kasuku, na hiyo inashika watu mapafu.

Mkuu wa Kisasa, nakusubiri. Kinda wa mbuyuni akiletwa kwako ana pete mguuni, utamtambuaje?