Majirani Shangani: Dula aende Lindi au abaki?

Kocha: Habari za jioni wana-Shangani. Nina jambo nalileta humu kabla sijawajibu wenyewe. Wale jamaa wa kikapu wa Lindi tuliocheza nao wakati wa Nanenane wanamtaka Dula, pointi gadi wetu anayeshuka na mpira. Hela hawana. Wanatupa kijana wao mmoja, senta, yule mrefu wa kucheza chini ya goli, miaka 17, urefu mita 2 na bado anakwenda juu. Nawasikiliza.

Baba Fadhili: Dula huyu huyu?

Kocha: Huyo huyo.

Baba Fadhili: Kocha leo umekula nini

Issa: 😂😂😂

Bi Somoe: Hamjambo wanangu. Natoka nje ya mada kidogo, huko kwenu maji yanatoka? Huku bomba limekauka tangu asubuhi.

Mwanaidi: Shkamoo Bi Somoe. Kwetu yanatoka kwa kusuasua, mtume Zuhura na ndoo.

Bi Somoe: Marahaba mwanangu. Haya endeleeni na mpira wenu.

Issa: Kocha mchukue huyo dogo wala usilale na hilo jambo. Mwaka 2019 kule NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Oklahoma City walikuwa na Paul George, msimu huo kashika nafasi ya tatu kwenye kura za MVP, mchezaji bora. Wakamtoa kwa Clippers, wakaletewa dogo wa miaka 20, Shai Gilgeous-Alexander, ana msimu mmoja tu kwenye ligi, wastani wake pointi 10 na ushee. Watu wakauliza ndiyo nani huyo? 2025 kawa MVP wa msimu, kabeba ubingwa na Oklahoma, MVP wa fainali kachukua yeye yeye. Na Paul George? 2024 akakataa mwaka wa mwisho wa mkataba akajiendea Philadelphia, Clippers hawakuambulia hata soksi.

Baba Fadhili: Wewe ndiye unayekesha hadi alfajiri na kelele za TV, halafu saa 2 hujafungua duka.

Issa: Mzee hoja ijibiwe kwa hoja 😂

Mwanaidi: Nakujibu mimi mdogo wangu. Umeruka sehemu yenye nyama. Oklahoma hawakumtoa George wapewe Shai peke yake. Walidai na mchezaji mwingine, Danilo Gallinari, na machaguo matano ya raundi ya kwanza kwenye drafti za mbele, yaani zile zamu za timu kuchagua vijana wapya, na haki ya kubadilishana nafasi ya kuchagua mara mbili. Jalen Williams aliyebeba nao ubingwa 2025 katokana na mojawapo ya machaguo hayo, drafti ya 2022, namba 12. Yaani dogo hakuaminiwa kiasi hicho, walijiwekea dhamana. Kocha, Lindi wanatupa dogo na nini?

Kocha: Dogo na salamu.

Mwanaidi: Basi.

Issa: Kobe je? 1996 Lakers walimtoa Vlade Divac, senta mzima wa kuanza, wakachukua mtoto katoka sekondari, namba 13 kwenye drafti. Hapo hakuna dhamana wala nini. Akawapa ubingwa mara tano.

Mwanaidi: Lakers walikuwa wanatafuta nafasi ya mshahara wa Shaquille O'Neal. Kumtoa Divac ndiko kulikowapa hela ya Shaq. Senta anaondoka, senta mwingine yuko mlangoni. Kobe mwenyewe msimu wa kwanza alikuwa anatokea benchi, na ubingwa wa kwanza ni 2000, hesabu hapo imepita miaka mingapi. Sasa sisi Dula akiondoka nani anashuka na mpira? Tunawapa anayetoa pasi tunachukua anayesubiri pasi.

Baba Fadhili: Mwalimu kaua 👏🏾👏🏾

Baba Fadhili: Na mimi sihitaji kwenda kwa akina Kobe. Nina Hasheem Thabeet wetu. Februari 2011 Houston walikuwa na Shane Battier, mkabaji, mtu mzima, anajua kazi yake. Wakampeleka Memphis, wakamchukua Hasheem na mwenzake mmoja. Walisema vilevile, kijana, mrefu, atakua. Akaenda kukaa benchi. Battier yeye miezi miwili baadaye mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, dakika ya mwisho, katia ya pointi tatu Memphis wakashinda. Timu iliyoshika nafasi ya nane ikawatoa namba moja! Halafu kaenda Miami kavaa pete ya ubingwa 2012 na 2013. Houston wana nini cha kuonyesha?

Issa: Hapo kwa Hasheem mzee tutakosana.

Baba Fadhili: Kosana tu

Issa: Mtu kaanza kushika mpira wa kikapu ana miaka kama 15, Dar. Akiwa Connecticut akawa mlinzi bora wa ligi yao ya vyuo, Big East, mara mbili. 2009 kachaguliwa wa pili Marekani nzima, Harden wa tatu, Curry wa saba. Yeye hakujichagua! Memphis walikuwa na Marc Gasol hapo kati tayari, dogo anaingia dakika mbili anatolewa, msimu wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ya daraja la chini. Houston nao hawakumpanga. Unamchukua mtu anayehitaji kucheza halafu humchezeshi, kesho unasema hajui.

Mwanaidi: Hapo niko na Issa. Na ni Mtanzania wa kwanza kukanyaga ile ligi, tusimwongelee kama hasara.

Baba Fadhili: Sijamtukana. Nasema aliyemtoa Battier alikosea hesabu.

Kocha: Issa amenigusa. Huyu dogo akija nitampa dakika ngapi? Nikimpa nyingi tutafungwa. Oklahoma baada ya kuanza upya msimu wa 2020–21 walishinda mechi 22 kati ya 72, uliofuata 24 kati ya 82. Humu ndani tulipofungwa mbili mfululizo kuna mtu alinitaka nirudishe filimbi.

Baba Fadhili: Nani huyo

Issa: 👀

Bi Somoe: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:22)

Issa: Bi Somoe bando limeniishia, Zuhura tuandikie.

Bi Somoe: Zuhura hapa naandika mimi. Bibi anasema, mpira siujui ila mkorosho naujua. Mkorosho ukizeeka hukati shamba lote siku moja. Unakata mstari mmoja, vichipukizi vikitoka unabebesha vikonyo vipya, ile mingine unaiacha ikulishe. Vikonyo vyake alivichukua Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ukikata yote msimu ujao unakwenda mnadani na nini. Anauliza, kwani huyo Dula kazeeka?

Kocha: Ana 28 Bi Somoe.

Bi Somoe: Anasema bado anazaa huyo, mnamkatia nini. Na anasema ming'oko ipo, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, mje na vyombo.

Baba Fadhili: Mada imefungwa. Kocha wajibu hapana.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Issa: Dula umefuta nini? Tumekuona.

Dula: Nimesoma yote tangu juu.

Dula: Shikamooni wakubwa. Lindi hawakuja kwangu. Niliwatafuta mimi.

Baba Fadhili: Dula!

Dula: Mama Latifa kahamishiwa kazi Lindi tangu mwezi wa nne, mtoto kaenda naye. Kila Ijumaa natoka kazini napanda Coaster, Jumapili jioni narudi. Mechi zetu ni Jumapili. Mara ngapi nimefika uwanjani nimetoka kwenye gari moja kwa moja? Nimepata kazi kule, naanza tarehe moja. Nilimwambia Kocha, nikamwomba atafute namna timu isibaki mikono mitupu.

Kocha: Ni kweli. Nilitaka nisikie kwanza mnavyoona.

Mwanaidi: Pole na safari kaka. Kumbe tulikuwa tunabishania kitu kingine kabisa.

Baba Fadhili: Angalau wewe umeongea. Luka Dončić kawapeleka Dallas fainali 2024, Februari 2025 usiku usiku anaambiwa umeshakwenda Lakers. Kijana wa miaka 25, wanamchukua Anthony Davis wa 31, na majeraha yake. Hao walifanya kinyume kabisa, wakatoa mbichi wakachukua iliyoiva. Novemba bosi aliyefanya ile dili wakamfukuza.

Issa: Halafu Paul George naye ALIOMBA MWENYEWE kuondoka 🔥 Nilikuwa sawa tangu mwanzo.

Mwanaidi: Tulia. Aliomba, ndiyo. Lakini angalia Oklahoma walifanya nini. Kawhi Leonard, nyota mwingine, alikuwa anakwenda Clippers iwapo tu watampata George. Oklahoma wakaona hawa wamebanwa pande mbili, ndipo wakapandisha bei. Swali ni hili, Lindi wamebanwa?

Dula: Wana mashindano mwezi ujao. Pointi gadi wao kavunjika kidole, wa pili yuko chuo Dodoma.

Issa: 😂😂 Dula unauza siri za mabosi wako wapya

Dula: Sijaanza kazi bado

Baba Fadhili: Wamebanwa hao. Kocha andika. Dogo, moja. Yule gadi wao mfupi anayevaa soksi ndefu, mbili. Yule anakimbia.

Kocha: Yule hawatoi.

Baba Fadhili: Mwombe kwanza! Ukianza na unachotaka utapewa nusu.

Mwanaidi: Mipira miwili mipya na nyavu za magoli yote mawili, zetu zimebaki kamba. Na mwakani waturuhusu kuchagua kijana mmoja kwenye kikosi chao cha vijana, tukimwona anafaa.

Issa: Chaguo la raundi ya kwanza 2027 😂

Mwanaidi: Cheka tu. Na Dula Sabasaba aje atuchezee, iandikwe.

Kocha: Natuma.

Bi Somoe: Maji yamerudi, ahsanteni.

Kocha: Wamejibu. Gadi hawatoi, wamesema hata tukiwapa Dula na kaka yake. Nyavu wamekubali, mpira mmoja. Dula Sabasaba sawa. Kuchagua kijana mwakani wamesema tukae tuongee, maana yake wamekubali ila wanaona aibu.

Baba Fadhili: Nani atashuka na mpira sasa?

Kocha: Issa.

Issa: Mimi??

Kocha: Si unajua kila kitu. Jumatatu saa 11 jioni uwanjani, na duka ulifunge mapema.

Mwanaidi: Subirini kwanza. Kocha, huyo mtoto anasoma?

Kocha: Kidato cha tatu.

Mwanaidi: Basi hahami. Mimi mwalimu sitasaini mtoto aache darasa aje arukeruke Shangani. Atakuja shule zikifungwa, na wikiendi yenye mechi tu, nauli ya kuja na kurudi juu yetu, mzazi wake apigiwe simu na Kocha mwenyewe.

Kocha: Nimekuelewa mwalimu. Kesho nampigia mama yake.

Baba Fadhili: Nauli natoa mimi ya mara mbili za mwanzo. Nione kwanza hizo mita 2.

Kocha: Akija wikiendi alale wapi?

Bi Somoe: Alale kwangu, chumba cha marehemu babu kipo. Chakula asiwe na wasiwasi. Ila kitanda ni futi 6.

Issa: Mita 2 ni futi 6 na nusu Bi Somoe

Bi Somoe: Basi Baba Fadhili aje na msumeno atoe ule ubao wa miguuni.