Fidia ya televisheni iliyovunjika imekatwa mara tatu: je, hesabu hii ni halali?

MkaziWaTabata

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kwa wenye uzoefu. Vyombo na samani zangu nimevikatia bima ya shilingi 12,000,000, pamoja na kipengele cha uharibifu wa bahati mbaya ambacho nilikilipia nyongeza. Mwezi uliopita mtoto alivuta kitambaa cha meza, televisheni yenye umri wa miaka 4 ikaanguka na kioo kikapasuka. Fundi ameandika kwamba haitengenezeki. Mpya ya aina hiyohiyo inauzwa shilingi 1,600,000. Mkaguzi wa kampuni alipita chumba kwa chumba akaorodhesha mali yote ya nyumba na kupata jumla ya shilingi 15,000,000. Sasa kampuni imekubali dai, lakini inataka kunilipa shilingi 668,000 na imeniletea hati ya kukiri kwamba nimelipwa kikamilifu ili niitie sahihi. Je, niitie?

Wakala Mstaafu

Usiitie bado, kwa sababu ukishaitia utakuwa umefunga dai lako kwa mkono wako mwenyewe.

Kile kipengele cha nyongeza ndicho kilichokuokoa, maana bima ya kawaida ya vyombo hulipa majanga yaliyotajwa katika hati ya bima, kama vile moto, wizi wa kuvunja na mafuriko, na chombo kilichoangushwa na mtoto kwa kawaida hakimo. Hesabu yao nadhani ilikwenda hivi. Bei ya leo ya televisheni wameipunguza kwa uchakavu wa asilimia 10 kila mwaka, zikabaki 960,000. Kisha wakasema kwamba mali ya 15,000,000 umeikatia bima ya 12,000,000 tu, yaani asilimia 80, hivyo na wao wanabeba asilimia 80 ya hasara: 768,000. Mwisho wakaondoa 100,000, ambayo bila shaka ndiyo sehemu ya kwanza ya hasara unayojibebea mwenyewe kwa mujibu wa mkataba.

Kila kato lina msingi wake katika bima. Lengo la fidia ni kumrudisha mkata bima pale alipokuwa kabla ya hasara, na kabla ya hasara ulikuwa na televisheni iliyotumika.

Bi Hesabu

Nakubaliana na Wakala kwamba kila kato lina msingi wake, ila mashaka yangu yako kwenye makato mawili ya kwanza yakichukuliwa kwa pamoja. Ndugu wa Tabata, hebu angalia ripoti ya mkaguzi: zile 15,000,000 ni bei ya vitu vikiwa vipya dukani, au ni thamani yake kama vilivyo sasa?

MkaziWaTabata

Nimeiangalia, dada yangu. Friji yetu, ambayo mlango wake tunaufunga kwa kamba, imeandikwa shilingi 1,300,000, na makochi tuliyorithi kwa shemeji yameandikwa kwa bei ya makochi mapya. Orodha nzima iko hivyo.

Bi Hesabu

Basi hapo ndipo penye kasoro. Walipotafuta kiasi cha kukulipa, walitumia thamani ya kitu kilichochakaa. Walipotafuta kama umekata bima pungufu, walitumia bei ya kitu kipya. Vipimo viwili katika dai moja, na vyote viwili vinaelemea upande wao.

Soma hati yako uone inalipa kwa msingi gani. Ikiwa inalipa thamani ya kilichotumika, mali yote nayo ipimwe hivyo, na kwa friji ya kamba sioni jumla itakavyofika 12,000,000. Kato la pili linaondoka na unastahili 860,000. Ikiwa inaahidi kitu kipya badala ya cha zamani, uchakavu hauna nafasi, ila upungufu wa bima unabaki, nawe unastahili asilimia 80 ya 1,600,000 ukiondoa 100,000, yaani 1,180,000. Njia yoyote utakayoifuata, 668,000 haitokei.

Wakala Mstaafu

Bi Hesabu ameliona jambo ambalo wengi hulipita, nami naliunga mkono. Waandikie barua, uwaombe waonyeshe kifungu cha hati kinachoruhusu kila kato na msingi waliotumia kuithamini mali yote. Ambatisha cheti cha fundi na nakala ya ripoti, na ubaki na nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Wakikataa au wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, lakini atataka kwanza kuona kwamba uliwapa kampuni nafasi ya kujibu.

Jambo jingine: televisheni iliyovunjika usimpe fundi wala usiiuze kwa vipuri. Kampuni ikilipa kwa kuihesabu kuwa imeharibika kabisa, mabaki kwa kawaida huwa yao. Ukitaka kubaki nayo, uliza mapema watakata kiasi gani.