Mrejesho: Kikao cha ghala la asali Tabora, "sawa" ya nani?

Wakuu, niliuliza kwa nini akina mama wa mapokezi (wanaopokea asali) wakitahadharisha kuhusu asali yenye maji mengi, wanaume wa ghalani wanaitikia "sawa" halafu wanaendelea na yao. Ushauri wenu umefanyiwa kazi.

Kubwa lilikuwa lugha ya adabu. "Naona kama hii nyepesi kidogo" (yaani asali ina maji) kwa msemaji ni onyo. Kwa msikilizaji ni maoni tu. Sasa tahadhari inatajwa kwa namba ya ndoo, kipimo na agizo: "Ndoo 7, unyevu asilimia 22, isichanganywe." Ikizidi 20 asali huelekea kuchacha, hapo hakuna kubishana. Na anayeitikia "sawa" anarudia agizo kwa kinywa chake, maana "sawa" huweza kuwa "nimesikia" tu.

Kikaoni kila mtu ana dakika 2, wageni kazini wakianza. Ajenda hutolewa jana yake. Kumshtukiza mtu kwa "haya mama, nawe sema" humfunga mdomo zaidi. Kuandika muhtasari ni kwa zamu (mwandishi hapati nafasi ya kusema, na kalamu ilikuwa haitoki kwa akina mama).

Kukatizana bado kupo. Mwenyekiti mwenyewe ndiye kinara.