sar, skripti ya vmstat au SNMP: ipi ifunge kazi kwenye seva ya CentOS 6?

Chikongola05
Wakuu, seva ya CentOS 6 (toleo la Linux), RAM GB 4, diski mbili za SATA, inabeba hesabu za chama cha msingi hapa Mtwara. Minada ya korosho ikianza, kila siku kuanzia saa nne asubuhi inakokota. Bodi haitoi hela ya mashine mpya bila takwimu za wiki nne. Nichague sar (hurekodi matumizi ya mashine), skripti ya vmstat (amri inayoonyesha hali ya CPU na RAM), au SNMP (itifaki ya kusoma vipimo kupitia mtandao) ipeleke data kwenye Cacti, programu ya grafu, iliyoko Masasi?

FundiMikindani
sar, tena bila kuzunguka. Imo kwenye kifurushi cha sysstat. CentOS 6 ilifikia mwisho tarehe 30 Novemba 2020, kwa hiyo yum (kisakinishi cha programu) ikigoma, ielekeze vault.centos.org, hifadhi ya matoleo ya zamani.

Fungua /etc/cron.d/sysstat, faili la ratiba ya vipimo. Utakuta `*/10`, yaani kipimo kila dakika 10. Mkwamo wa dakika tatu humezwa na wastani wa dakika 10, basi weka `*/2`. Mafaili yatanenepa mara tano hivi, si mzigo kwa diski. HISTORY (idadi ya siku za kuhifadhi) kwenye /etc/sysconfig/sysstat isiwe chini ya 28.

Halafu jaribu `sar -d`, vipimo vya diski. Ikijibu "Requested activities not available in file", ongeza `-S DISK` kwenye mstari wa sa1 katika faili lile la ratiba na uhamishe faili la leo kutoka /var/log/sa. Faili lililokwisha kuanza halipokei aina mpya ya vipimo.

NewalaJuu
Fundi yuko sawa, ila sar haikwambii ni programu gani inayokula mashine. Hapo skripti ina kazi yake. Tumia `vmstat 60 2 | tail -1`, kwa sababu mstari wa kwanza wa vmstat ni wastani tangu mashine iwashwe. Watu huuingiza kwenye ripoti kisha wanashangaa mbona kila kitu shwari!

Kwa programu, usitegemee safu ya %CPU ya ps (amri ya kuorodhesha programu), nayo ni wastani wa uhai wote wa programu. Chukua `top -b -n 2 -d 5`, soma skrini ya pili tu.

DadaSevaLindi
SNMP kwa kazi hii hapana. Laini ya kwenda Masasi ikikatika, grafu inabaki na pengo, na data hiyo hairudi. Cacti nayo hubana data za zamani kuwa wastani, vilele vinasawazishwa. Ukiitumia kupima mtandao, soma ifHCInOctets (kaunta ya biti 64 ya data inayoingia) badala ya ifInOctets ya biti 32: kaunta ya biti 32 kwenye laini ya Gb 1 iliyojaa huzunguka kila baada ya sekunde 34 hivi. Tena SNMP toleo la v2c hupeleka neno la siri waziwazi, usiipitishe intaneti tupu.

Chikongola05
Asante dada. Mafaili ya sar naweza kuyasomea kwenye laptopu yenye Linux mpya?

FundiMikindani
Hayasomeki mkuu. CentOS 6 ina sysstat 9.0.4, na `sadf -c`, amri ya kugeuza mafaili ya sar kuwa ya muundo mpya, hubadilisha mafaili ya kuanzia 9.1.6 tu. Toa data kwenye seva yenyewe, kila usiku:

`sadf -d /var/log/sa/sa14 -- -u > cpu14.csv`

Badala ya `-u` ya mwisho, rudia kwa `-q` (foleni ya kazi), `-W` (swap, diski inayosaidia RAM) na `-d` (diski). Kitenganishi ni nukta mkato. Saa zake ni za UTC, kwa hiyo 07:00 ndiyo saa nne asubuhi yetu. Usipoongeza saa tatu, bodi itaona seva inazidiwa kabla ofisi haijafunguliwa.

DadaSevaLindi
Na betri ya CR2032 kwenye ubao mama ibadilishwe kwanza. Kwenye mashine ya umri huo ikifa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma na vipimo vinaangukia kwenye faili la siku nyingine.

NewalaJuu
Ukishapata data, tazama %iowait (muda CPU inaosubiri diski) sambamba na pswpin/s (kurasa zinazorudishwa kutoka swap) ya `sar -W`. Zikipanda pamoja saa nne, RAM ndiyo inayopungua: jaza GB 8, pima wiki moja, ndipo uende kwa bodi. %iowait ikipanda peke yake na await (muda wa kusubiri kila ombi la diski) ya `sar -d` ikawa juu, shuku diski.